Bakuli la Panchi: Neno, Sukari na Divai ya Povu

Katika makala haya tunakusudia kufuatilia historia ya kinywaji ambacho wasomaji wetu wengi wamekutana nacho katika riwaya za Kifaransa na za Kiingereza walizosoma darasani, au mezani katika karamu za wageni: bakuli kubwa la kioo, vipande vya matunda vikielea, donge la barafu katikati, na divai ya povu iliyomiminwa dakika ya mwisho. Waingereza na Wafaransa hukiita punch. Sisi tutaandika panchi. Kinywaji hiki hukusanya watu bustanini katika majira ya joto ya Ulaya na Marekani, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa ni mali ya Ulaya tangu mwanzo. Dhana hiyo haisimami. Hoja yetu ni kwamba panchi ilizaliwa katika Bahari ya Hindi, ikalelewa kwa sukari ya watumwa, na kwamba divai ya povu, ambayo leo ndiyo fahari yake, ilikuwa mgeni wa mwisho kuingia bakulini.

Tuanze na neno lenyewe. Ushahidi wa maandishi ulio mkongwe kuliko wote ni barua ya mwaka 1632 ya Mwingereza mmoja aliyekuwa mtumishi wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki. Mwaka 1638 Mjerumani Johan Albrecht de Mandelslo alifika Surat, bandari ya Gujarat, akaona Waingereza wa hapo wakinywa kitu alichokiandika palepuntz. Baadaye kidogo tabibu Mfaransa François Bernier, aliyekaa miaka mingi katika dola la Wamogholi, aliandika bouleponge, akakilaumu kinywaji hicho kuwa kinaharibu mwili. Msomaji akiyatamka maneno haya mawili kwa sauti atatambua mara moja yametoka wapi. Ni maneno ya Kiingereza bowl of punch, yaani bakuli la panchi, yaliyosikiwa na sikio geni kama neno moja lisilogawanyika.

Jambo hili lisitushangaze sisi wa Kongo. Neno letu divai limezaliwa kwa njia iyo hiyo: Mswahili alisikia Wafaransa wakisema du vin, akachukua neno pamoja na kijineno kilichotangulia, asijue wala asihitaji kujua kwamba kijineno hicho si sehemu ya neno. Wenzetu wa pwani, waliolipata neno mvinyo kwa Wareno, hawakukumbana na mkia huo. Bernier alifanya kwa bakuli kile tulichofanya sisi kwa du.

Na je, punch maana yake ni nini? Maelezo yanayorudiwa katika vitabu vingi ni yale ya John Fryer, tabibu Mwingereza aliyesafiri Uhindi na Uajemi miaka ya 1670, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1698 alisema kwamba neno hilo ni la Kihindi, maana yake tano, kwa kuwa kinywaji kina vitu vitano. Ni kweli kwamba tano kwa Kisanskriti ni pañca, na kwa Kihindi cha leo ni pāñc. Hata hivyo, pana vikwazo viwili. Cha kwanza ni cha sauti: katika karne ya 17 Waingereza walilitamka neno lao kwa u iliyo karibu na ile ya neno letu kuku, si kwa a. Cha pili ni cha hesabu: Mandelslo, aliyeandika miaka mingi kabla ya kitabu cha Fryer, anataja vitu vinne tu, yaani pombe kali, maji ya waridi, maji ya malimau na sukari. Wapo basi wanaodhani kwamba neno limetokana na puncheon, jina la aina ya pipa lililobebwa melini.

Sisi tunaona kwamba ubishi huu hauwezi kukatwa kwa neno peke yake. Kwamba jina la namba lingeweza kusafiri baharini si ajabu. Kiswahili kimepokea laki kutoka Uhindi, na pamoja nayo pesa na rupia. Lakini kuwezekana si kuthibitika. Tunaandika panchi kwa sababu yafaa katika kinywa cha Mswahili, si kwa kuwa tumekwisha kumpa Fryer ushindi. Mahali neno linaposhindwa kutoa ushahidi, ni vema kuviuliza vitu vyenyewe, na hapa vitu vinasema kwa uwazi zaidi kuliko jina.

Mabaharia wa Kiingereza waliotoka kwao na mapipa ya bia na divai waliona vinywaji hivyo vikiharibika katika joto la safari ndefu. Walipofika bandarini walikuta pombe ya nchi iliyokenekwa, yaani iliyochemshwa na mvuke wake ukapozwa ukawa matone. Huko Goa ilitengenezwa kwa tembo la mnazi. Huko Batavia, kwenye kisiwa cha Java, kwa mchele na asali nyeusi ya miwa. Iliitwa arrack, kutoka neno la Kiarabu ʿaraq, maana yake jasho, kwa vile hudondoka kutoka katika mtambo kama jasho usoni. Msomaji wa Katanga anayeujua mtambo wa lutuku hahitaji maelezo zaidi. Pombe hiyo ilikuwa kali mno. Ilihitaji kupozwa, na dawa ya kuipoza ilikuwa imekwisha kuwapo katika nyumba za Waislamu wa Uhindi na Uajemi tangu zamani: maji matamu yenye limau na manukato, ambayo Waarabu waliyapa jina kutokana na kitenzi shariba, kunywa, na ambayo sisi tunayaita sharubati.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Maji ya waridi ya Mandelslo si kitu cha melini wala cha kilabu cha pombe; ni kitu cha sharubati. Panchi ni sharubati iliyotiwa pombe. Wapishi wa Kiingereza wenyewe waliendelea kuuita mchanganyiko wa sukari na limau, kabla ya kutiwa pombe, kwa jina la sherbet, ambalo ni sharubati hiyo hiyo katika vazi jingine. Aidha, tukiyapanga majina ya Kiswahili ya vitu vilivyomo, tutaona ramani ya bahari: sukari tumeipata kwa Waarabu, walioipata kwa Waajemi, walioipata Uhindi, limau tumelipata kwa Wareno, kungumanga, kiungo kilichokunwa juu ya bakuli, tumeipa jina la Manga, yaani Uarabuni, ingawa mti wake ni wa visiwa vya Banda huko Maluku, kwa kuwa Waarabu ndio waliotuletea.

Kutoka Surat na Madras panchi ilipanda merikebu ikaenda London, na kutoka London ikavuka hadi Antili. Huko ilipata pombe mpya, ramu, iliyokenekwa kwa masalio ya sukari, na ikapata sukari kwa wingi ambao Ulaya haikuwa imeujua. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 bakuli la panchi lilikuwa alama ya urafiki na ukarimu katika vilabu vya Uingereza. Lakini sukari ile ilikuwa na wenyewe walioilima, na hao hawakualikwa karamuni. Katika koloni la Wafaransa la Saint-Domingue, Haiti ya leo, lililoongoza duniani kwa sukari, sehemu kubwa ya watumwa waliozaliwa Afrika walijulikana kwa jina la Wakongo, watu waliouzwa katika bandari za Loango, Malembo na Cabinda. Upande wa pili wa bara, mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa tuviitavyo leo Morisi na Réunion. Hivyo pwani zetu zote mbili, ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi, zililipa gharama ya utamu ambao hazikuuonja.

Wapo Waingereza waliolitambua jambo hili. Bunge lao lilipoukataa mswada wa kukomesha biashara ya watumwa mwezi Aprili 1791, William Fox alitoa kijitabu cha kuwahimiza watu wasile sukari ya Antili, na Thomas Clarkson alikadiria kwamba watu wapatao 300,000 waliacha kuitumia. Yaliuzwa hata mabakuli ya sukari yenye maandishi ya kutangaza kwamba sukari iliyomo haikutengenezwa na watumwa. Mwezi Agosti wa mwaka huo huo watumwa wa Saint-Domingue walichoma mashamba. Kati ya kijitabu na moto, msomaji atajua kipi kilikuwa na uzito zaidi katika historia.

Sasa tuje kwa divai ya povu. Nayo ina hadithi yake ya uongo, kwamba ilibuniwa na mtawa Dom Pérignon wa abasia ya Hautvillers. Pérignon, aliyeitunza divai ya abasia hiyo kuanzia 1668 hadi kufa kwake mwaka 1715, alitumia juhudi nyingi kuzuia povu, ambalo kwake lilikuwa kasoro. Sababu ya povu ni baridi ya Champagne. Divai iliyoanza kuchachuka wakati wa mavuno hulala majira ya baridi yanapoingia, chachu ikiwa bado haijaimaliza sukari. Joto la masika likirudi, chachu huamka, na hewa ya kaboni inayotolewa hubaki imefungwa chupani. Lakini chupa za Kifaransa, zilizoyeyushwa kwa moto wa kuni, zilikuwa dhaifu. Waingereza ndio waliokuwa na chupa za kuvumilia, na sababu yake ni ya ajabu kidogo: mwaka 1615 mfalme wao, James wa Kwanza, aliwakataza watengeneza vioo kuchoma kuni, ili miti ibaki kwa ajili ya merikebu. Wakatumia makaa ya mawe, ambayo moto wake ni mkali zaidi na ambayo yalitoa kioo kigumu. Mwezi Desemba 1662 Christopher Merret aliisomea Royal Society ya London maelezo kwamba wafanyabiashara wa divai huko walikuwa wakitia sukari na asali ya miwa katika divai za kila aina ili zichangamke na kutoa povu. Pérignon alikuwa bado hajafika Hautvillers.

Tangu hapo mambo yalikwenda polepole. Mwaka 1728 Louis wa 15 aliruhusu divai ya Champagne isafirishwe katika chupa badala ya mapipa. Mjane Clicquot, aliyerithi biashara ya mumewe mwaka 1805, na watu wa pishi lake walibuni meza yenye matundu ya kusimamishia chupa kichwa chini, ili machicha ya chachu yateremke hadi kwenye kizibo na kuondolewa, divai ikabaki angavu. Tatizo kubwa lilikuwa mlipuko. Hewa iliyomo katika chupa moja ina msukumo wa angahewa sita hivi, na wafanyakazi wa mapishini walivaa vinyago vya chuma kujikinga na vigae. Mwaka 1836 mfamasia wa Châlons, Jean-Baptiste François, alitoa njia ya kupima sukari iliyomo kabla ya kuongeza nyingine. Hapo ndipo divai ya povu ilipokuwa bidhaa ya kutegemewa, si bahati nasibu. Yafaa tuone kwamba hapa napo msingi ni sukari, ile ile.

Divai hii iliingia bakulini ikiwa pambo la wafalme. Panchi iliyopewa jina la George, aliyeshika madaraka ya Uingereza kwa niaba ya babaye mgonjwa kuanzia 1811 hadi alipokuwa mfalme mwaka 1820, ilichanganya chai ya kijani, malimau na machungwa, sukari, brandi, ramu au araki, na juu ya vyote champagne. Mapishi yake hayafanani kutoka kitabu hadi kitabu, lakini mpango wake haubadiliki: Uchina, Uhindi, Antili na Ufaransa katika chombo kimoja. Watu wa kawaida waliendelea na araki katika bustani za Vauxhall, kando ya mto Thames, ambako wakazi wa London walikwenda jioni za majira ya joto kusikiliza muziki chini ya taa. Thackeray, katika riwaya yake Vanity Fair ya miaka ya 1847 na 1848, anamleweshea hapo Jos Sedley, mtoza kodi wa Kampuni aliyerudi kutoka Uhindi, kwa bakuli moja la panchi ya araki, na ndoa iliyokuwa ikikaribia huvunjika asubuhi yake. Ni vigumu kutofikiri kwamba mwandishi huyo, aliyezaliwa Calcutta, alijua anachokifanya alipomwangusha mtu wa Kampuni kwa kinywaji cha Kampuni.

Kilichokosekana bado kilikuwa barafu. Mwaka 1806 Frederic Tudor wa Boston alipeleka shehena ya barafu Martinique, iliyokatwa katika mabwawa ya Massachusetts wakati wa baridi. Watu walimcheka, na hasara aliyopata iliwapa haki ya kucheka. Hakuacha. Mwaka 1833 merikebu yake Tuscany iliondoka Boston na tani 180 za barafu, ikasafiri miezi minne, ikavuka Ikweta mara mbili, ikafika Calcutta ikiwa bado na tani zipatazo 100. Panchi iliyoondoka Uhindi miaka 200 nyuma ikanywa pale pale kwa barafu ya Marekani. Kabla ya biashara hiyo panchi ilinyweka moto au vuguvugu kama ilivyonyweka baridi. Baada yake ikawa kinywaji cha majira ya joto.

Hapa mwanaisimu hana budi kusimama kidogo. Majira ya joto ya Ulaya, kuanzia Juni hadi Agosti, wafasiri wengi huyaita kiangazi. Kwa msomaji wa Lubumbashi tafsiri hiyo ni mtego, maana kiangazi chetu cha Juni na Julai ndicho wakati wa baridi, watu wakijifunika mablanketi. Joto linakuja Septemba na Oktoba, mvua zikisubiriwa. Afadhali tuseme majira ya joto, tukubali kuongeza neno moja.

Mwaka 1862 Jerry Thomas, mhudumu wa baa aliyevuma huko New York, alichapisha kitabu cha vinywaji ambacho ndicho cha kwanza cha aina yake Marekani. Panchi yake ya champagne ina chupa moja ya divai, robo ratili ya sukari, chungwa moja lililokatwa, maji ya limau moja, vipande vitatu vya nanasi na glasi ndogo ya sharubati ya matunda mekundu. Anaongeza kwamba chupa nne zinatoa galoni moja, nayo inatosha watu 15. Msomaji na aangalie kilichotoweka: pombe kali. Divai, iliyoingia kama pambo, imekuwa mwili wa kinywaji, na araki iliyoleta jambo lote imetolewa nje ya mlango.

Namna ya kuitengeneza imebaki ile ile, na kila hatua ina sababu yake. Kwanza maganda ya limau husuguliwa katika sukari na kuachwa kwa muda, kwa kuwa harufu ya limau imo katika mafuta ya ganda, si katika maji yake, na sukari huyanyonya mafuta hayo. Kisha hutiwa maji ya limau, na mchanganyiko hukorogwa mpaka sukari iyeyuke yote. Hatua hii haina mzaha: punje ya sukari isiyoyeyuka huwa mahali pa povu kuzaliwa, na divai ikimiminwa juu yake itafurika na kupoteza hewa yake papo hapo. Matunda hukatwa na kuachwa ndani yaloe. Barafu na iwe donge moja kubwa, si vipande vidogo, kwani donge lina uso mdogo kwa uzito wake, huyeyuka polepole, wala halikigeuzi kinywaji kuwa maji kabla wageni hawajakaa. Divai huja mwisho, ikiwa imepozwa sana, maana kimiminika baridi hushika hewa ya kaboni kuliko chenye joto. Humiminwa taratibu ubavuni mwa bakuli, kisha hukorogwa mara moja tu kwa upawa. Sukari ikiwa tayari bakulini, divai yafaa iwe kavu. Jambo hili Thomas hakuwa na uchaguzi mwingi juu yake, kwa sababu champagne ya siku zake ilikuwa tamu. Ile kavu iliyofungua njia, ya nyumba ya Pommery, ilikuwa ya mavuno ya mwaka 1874.

Tumalizie na Wajerumani, ambao wameitunza desturi hii kuliko wengine. Georg Kessler, aliyekuwa mtumishi wa Mjane Clicquot, alifungua nyumba ya divai ya povu mjini Esslingen mwaka 1826, na divai hiyo, iitwayo Sekt, ndiyo wanayoitia bakulini pamoja na stroberi au pichi. Mwaka 1902 bunge lao liliiwekea kodi ili kusaidia gharama za manowari za Kaisari. Kodi ilifutwa mwaka 1933, ikarudishwa mwaka 1939, na mpaka leo kila chupa ya kawaida huilipia euro 1.02, ingawa Kaisari na manowari zake wamekwisha kutoweka. Upande wa lugha, Wajerumani wamefanya jambo ambalo lingemfurahisha Mandelslo, mwananchi wao. Yale maneno mawili aliyoyasikia Surat yakiwa yamegandamana, wao wameyatenganisha na kuyapa kila moja majira yake. Punsch kwao ni kinywaji cha moto cha Desemba. Kile cha baridi, cha bustanini, chenye matunda na divai ya povu, wamekiita Bowle, yaani bakuli.